Nati za Gidion

Watu wa Same wana midomo, na siku pikapu ya Anderson iliporudishwa mjini ikivutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la mchanga, midomo hiyo ilipata kazi. Siku kumi na tisa tu tangu injini ifanyiwe ovahoo, ikafunguliwa yote na kufungwa upya, leo imetoboka ubavuni na oili imemwagika njia ya kupanda Vudee. "Hiyo ovahoo gani?" waliulizana wauza nyanya kando ya barabara, watu ambao hata pancha hawajui kuziba. Eliufoo aliwasikia, akajifanya hakusikia, akasaidia kuisukuma pikapu hadi ndani ya gereji.

Gereji ilikuwa ya ndugu wawili, Gidion na Eliufoo, wazaliwa wa Vudee, kijiji cha milimani, walioshuka mjini wangali vijana wakazeekea kwenye grisi. Sasa imebaki ya mmoja. Gidion, yule mkubwa, alianguka bafuni siku ya nne baada ya kuikamilisha injini hiyo, na kabla hawajamfikisha hospitali akawa ameshakwenda. Moyo, walisema madaktari, na ulikuwa mbovu kwa muda mrefu. Anderson hakuwa ndugu yao wala jirani, ni mteja tu anayeteremsha tangawizi na ndizi kutoka milimani, lakini alikuja mwenyewe msibani akasema mzee Gidion hawezi kupelekwa kwao na gari la kukodi wakati yeye yupo. Pikapu hiyo hiyo ndiyo iliyobeba jeneza, ikapanda kona zote zile bila hata kukohoa. Watu wakasema kazi ya mikono yake inamrudisha nyumbani, na Eliufoo akalia kwa uchungu na fahari kwa pamoja.

Sasa ujue na utaratibu wao, maana bila huo hutaelewa kilichomtesa. Kwenye gereji ile Eliufoo alifunga juu ya injini na Gidion alifunga chini, kwenye konrodi, ile mikono ya chuma inayozishika pistoni. Nati za huko hazitaki mchezo. Ikilegea moja, injini inajivunja yenyewe. Mafundi wengine wana spana yenye mshale wa kupima nguvu, na Gidion naye alikuwa nayo, imetundikwa ukutani na vumbi lake. Yeye alipima kwa mkono, na mkono wenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa haukosei. Akishaikaza nati anaiwekea tone la rangi ya kucha, nyekundu, aliyokuwa akiinunua duka la vipodozi karibu na stendi, ambako wasichana walimtania kila mara kwamba mzee amepata mchepuko mwingine. Nati ikishapata tone hilo hakuna mtu wa kuitia spana tena. Kuirudia ni sawa na kumwambia kaka yako kwamba humwamini. Miaka thelathini na moja, Eliufoo hakuwahi kurudia hata moja.

Basi Anderson alisimama pembeni, mikono nyuma, na Eliufoo akaanza kutafuta. Alianza na makosa ya dereva, maana fundi ni fundi, kosa kwanza hulitafuta kwa mwenzake. Maji yalikuwa tele kwenye rejeta. Oili kidogo iliyobakia ilikuwa bado mpya, haina harufu ya kuungua.

"Iligonga kabla ya kuzima?" aliuliza.

"Tangu juzi," Anderson alisema. "Kama nyundo ndogo hivi, kwa chini. Nikajisemea nikishusha huu mzigo nakuletea."

Hapo angeweza kumkaba. Unasikia nyundo kwenye injini na bado unapanda mlima? Kwa mteja mwingine angemaliza kesi papo hapo. Lakini nyundo haiji bila sababu, na Eliufoo alitaka kuijua sababu.

Aliingia uvunguni akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Vikadondoka vipande vya chuma, na katikati yao nati moja nzima. Konrodi ya silinda ya nne ilikuwa imevunjika vibaya, lakini ile nati haikuwa na dosari. Hesi zake, ile mikato ya ndani ya kufungia, zilikuwa nzima kabisa. Nati iliyokatika ungesema chuma kibovu. Hii haikukatika, ilijifungua yenyewe taratibu, na tone lake jekundu lilikuwa bado lipo.

Akachukua spana akajaribu zilizobaki. Za silinda ya kwanza zilimgomea, ikabidi avute kwa nguvu zote, na hapo alimtambua kaka yake. Za silinda ya pili zikaachia kirahisi. Za tatu alizungusha kwa vidole. Zote zilikuwa na tone, moja moja, limewekwa vizuri katikati. Eliufoo akabaki amelala pale chini, spana kifuani, kwa sababu alikuwa ameshaona jinsi nguvu zilivyomwishia Gidion, kutoka silinda ya kwanza hadi ya nne.

Aliikumbuka siku yenyewe. Gidion alikawia sana chini ya injini ile. Alipotoka alikaa juu ya tairi, jasho linamtiririka, midomo imepauka, akaomba maji. "Joto la Same hili, mdogo wangu," alisema. Na Eliufoo aliwaza, Mungu anajua aliwaza, kuipitisha spana mara moja tu. Akaona matone, akaona aibu, akaenda kunawa mikono. Laiti angegusa nati moja tu! Angejua hapo hapo kwamba kaka anaumwa, na zilikuwa zimebaki siku nne za kumfikisha kwa daktari. Alilia bila sauti, oili ikimdondokea shingoni.

"Umeona nini, fundi?" Anderson aliuliza kutoka juu.

Eliufoo alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli akatoka. "Nati ya konrodi imejifungua. Hapa nilifunga mimi. Kaka alichoka siku ile, nikamwambia apumzike. Injini nitakurudishia mimi."

Anderson aliitazama ile nati kiganjani mwa Eliufoo, na lile tone ambalo mji mzima unajua ni la nani. Akavikunja vidole vya Eliufoo juu yake, polepole.

"Sawa," alisema. "Tuseme ulifunga wewe."

Alasiri alikuja Justa, mjane wa Gidion, kanga nyeusi kichwani. Yale maneno ya wauza nyanya yalikuwa yameshamfikia. Eliufoo alimpa kiti akaanza kuomba radhi kwa vumbi, lakini mama yule hakuja kukaa.

"Shemeji, wanasema gari limekufa kwa mkono wa marehemu."

"Ni mkono wangu. Wasikusumbue."

Justa alishusha pumzi. "Nilijua. Maana mwezi ule wote alikuwa hawezi hata kunyanyua ndoo ya maji. Nilimbembeleza aende hospitali. Nikamwambia kama hutaki, basi acha kazi, utaua watu na magari yao. Akanicheka. Akasema, mama Elinaza, usiogope, Eliufoo ameshajua. Kila nati ninayofunga siku hizi anapita nyuma yangu kuirudia. Anafanya kwa siri nisijisikie vibaya, lakini mimi namjua. Yule ni mdogo wangu, hawezi kuniacha niaibike."

Eliufoo alishika ukingo wa meza ya kazi.

"Kwa hiyo kama ulizirudia, haiwezi kuwa yake," Justa alisema. "Ulizirudia, shemeji, si ndiyo?"

"Nilizirudia," alisema Eliufoo. "Zote."

"Ahsante." Justa alijifunga kanga yake vizuri. "Nilitaka tu nisikie kwako mwenyewe, nipate usingizi."