Novena ya Betri

Televisheni iliingia nyumbani kwetu Munuki binti yangu alipopata kazi ya upishi katika hoteli moja hapa Juba. Kabla ya hapo tulikuwa na redio yangu tu, na redio mtu huisikiliza huku anachambua maharagwe. Televisheni, betri na bamba la sola vilitoka duka la Msomali mmoja ambaye, kama sisi, alikuwa ameishi Kenya miaka mingi, na ambaye alimpunguzia binti yangu bei kwa sababu walizungumza Kiswahili tangu salamu hadi kuagana.

"Mama, wewe miguu inakusumbua," binti yangu aliniambia. "Wakiwa mbele ya TV hawatatoka getini. Nitapika nikijua wako salama."

Sikuwa na la kubisha. Nje ya geti letu ni steji ya boda boda, na wajukuu wangu ni wawili tu: msichana wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka sita. Nilimshukuru Mungu kwa kazi ya mama yao na kwa kile kioo cheusi pia.

Haikuchukua muda nikaanza kuona yaliyokuja nacho. Watoto walirudi kutoka shuleni mchana, wakavua viatu, wakakaa mbele ya katuni mpaka mama yao aliporudi jioni. Siku moja mwanamke mwenzangu, ambaye tunafundisha naye katekisimu kanisani Kator, alikuja kunisalimia. Mjukuu wangu mdogo alinyoosha mkono bila kugeuza macho, akamshika kiwiko na kukitikisa. Mwenzangu alicheka. Mimi sikucheka.

Niliweka sheria ya saa moja kwa siku. Saa ilipotimia waliniambia, "Haboba, bado kidogo, hii inaisha." Haboba ndivyo watoto wa hapa wanavyomwita bibi yao, na wangu waliokota neno hilo wiki ya kwanza tuliporudi kutoka Kenya. Basi ile ilikuwa ikiisha, nyingine inaanza palepale, na mimi nilikuwa nimechoka. Kila jioni ilikuwa mabishano, na mwisho wake niliwaacha waangalie.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia sebuleni baada ya wao kwenda shule. Betri ilikuwa chini ya meza, na waya mwekundu umeshikwa juu yake kwa kibanio. Niliinama, nikakifungua kibanio, nikausukuma waya nyuma ya betri. Kazi ya pumzi moja.

Mchana msichana alitoka ndani na rimoti mkononi. "Haboba, TV haiwaki."

"Betri imekufa," nilisema. Nilikuwa nachambua maharagwe chini ya rakuba, kile kibanda chetu cha nguzo na nyasi uani, na sikuinua macho.

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa."

Siku tatu zilizofuata zilikuwa nzuri sana. Watoto walikaa nami rakubani. Msichana alijifunza kupepeta kwa ungo, na mdogo wake akanisimulia habari zote za darasa lake, hata zile ambazo mwalimu wake asingependa nizijue. Waliniuliza maisha ya Kakuma yalikuwaje, kambi ya wakimbizi nilikomlea mama yao. Jioni nilimshukuru Mungu kwa amani iliyorudi nyumbani. Nilimshukuru kwa kitu nilichokipata kwa uongo, wala sikuona aibu.

Nyumbani kwetu, kabla ya kulala, tunasali pamoja, na mwishoni kila mtu huongeza ombi lake mwenyewe. Siku ya nne mdogo alifumba macho akasema, "Mungu, wewe unafufua watu. Fufua betri yetu."

Niliuma midomo nisicheke. Lakini dada yake hakucheka hata kidogo. "Ukiomba mara moja haitoshi," alimwambia. "Haboba alitufundisha. Kitu kikubwa kinaombwa siku tisa, na unajinyima kitu." Kisha akatangaza kwamba kwa siku tisa hatatia sukari kwenye chai.

Hapa Juba chai ni sukari kwanza, majani baadaye. Chai isiyo na sukari hupewa mgonjwa. Asubuhi iliyofuata nilimtazama mtoto yule akiinywa, amefinya uso, na kila akimeza ananitazama aone kama nimefurahi. Maana ni mimi niliyemfundisha novena. Nilimfundisha kwa maneno yaleyale niliyowafundishia watoto wa kambini.

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Nikiacha waya ulipo, siku tisa zitakwisha na mtoto atajua kwamba aliomba kwa moyo wote na Mungu hakumsikia. Nikiurudisha kwa siri, televisheni itawaka, naye ataimba na kuwahadithia wenzake Jumapili kwamba Mungu amefufua betri, kumbe ni mkono wa bibi yake. Sikujua lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi. Nilichojua ni kwamba kila jioni walimaliza maombi yao, nami nikaitikia amina.

Mama yao naye alisema, "Jumamosi nitaipeleka kwa fundi." Lakini sikungoja Jumamosi. Siku ya sita ya novena, kabla ya sala, niliwakalisha kwenye mkeka.

"Betri haijafa," nilisema. "Mimi ndiye niliyetoa waya. Niliwadanganya."

Mdogo alisimama. "Kwa hivyo inawaka?"

"Inawaka."

Alikuwa tayari ameshika mlango dada yake alipomvuta shati akamrudisha chini. Yeye alikuwa bado ananitazama.

"Siku zote hizo ulikuwa unatusikia tukiomba?"

"Nilikuwa nawasikia."

"Na ukasema amina."

"Nikasema amina."

Alichuna nyuzi za mkeka. Kisha akauliza, "Na ile ya Yesu na mikate mitano? Ile ni ya kweli ama ni kama betri?"

Nimefundisha watoto tangu nikiwa msichana. Nimeulizwa kwa nini Mungu aliumba mbu, na kama malaika wanakula, na sikukosa la kusema. "Ile ni ya kweli," nilimjibu. "Aliyesema uongo ni mimi, si Mungu."

"Nitajuaje?"

"Kwa sasa hutajua," nilisema. "Utakuwa unaniangalia."

"Si ungesema tu hapana?"

"Mngelia."

"Tungelia," alisema, "halafu tungenyamaza."

Kwa padri nilikwenda kuungama Jumamosi. Lakini kitubio changu nilikuwa nimeshapewa mkekani. Binti yangu nilipomweleza alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, halafu akaniuliza, "Mama, na kule Kakuma, ulipokuwa ukisema sukari imeisha?" Kule sukari ilikuwa inaisha kweli. Lakini nilinyamaza, kwa sababu siku ile sikuwa na haki ya kuaminiwa.

Asubuhi iliyofuata ile jioni ya mkekani nilimsogezea mjukuu wangu kopo la sukari. Alilirudisha kwangu. "Bado siku tatu," alisema. "Nilimwahidi Mungu, sikukuahidi wewe." Akamaliza siku zake tisa. Siku hizo tatu za mwisho aliombea nini, hakusema kwa sauti, nami sikumwuliza.

Sasa televisheni huwaka baada ya kazi za shule, na huzimwa ninapowasha makaa ya chakula cha jioni. Ninasimama mlangoni na kusema, "Zima." Miguu inauma lakini ninasimama. Mwanzoni walilia kweli, hasa mdogo, ambaye aligaagaa sakafuni. Halafu alinyamaza, kama dada yake alivyosema.

Mvua zilipoanza, mawingu yalikaa juu ya Juba siku mbili bila kuachia jua. Siku ya pili msichana alitoka na rimoti. "Haboba, TV haiwaki."

"Betri haina chaji," nilisema, na safari hii niliinua macho. "Hakuna jua."

Alinitazama, akaweka rimoti juu ya kiti, akarudi ndani. Nilisikia meza ikiburutwa. Aliporudi magoti yake yalikuwa na vumbi.

"Waya iko," alisema.

Akaketi karibu nami. Nilimsogezea ungo.