Mstari wa Mama

Juzi, kwenye foleni ya kupiga kura hapa Blacktown, ughaibuni tunakoishi, miguu yangu ilikataa kutulia. Nikakumbuka ukumbi wa kanisa ulionukia sombe, kisamvu chetu cha Kongo, na samaki wa kukaanga.

Alasiri ile Wakongo wenzetu walikuwa wakichagua mwamuzi wa magomvi ya familia. Mama aligombea akiahidi haki, na kwamba vijana nao watahesabiwa. Kila mtu alisimama nyuma ya amtakaye, na wagombea hawakuruhusiwa kugeuka. Mimi, mwenye miaka kumi, nilikuwa nyuma ya Mama, nikihangaika. Nikaona mstari wetu umeuzidi wa mpinzani wake, mzee Papa Elia, kwa mtu mmoja. Nyumbani, Mama alipogawa nyama sawasawa, alisema hiyo ndiyo haki. Basi nikahamia kwa Papa Elia, nikidhani mistari italingana.

Mama akashindwa kwa mtu mmoja.

“Huyu mtoto tusimhesabu,” alisema mchungaji aliyekuwa akihesabu.

Mama akageuka, akaniona. “Nilisema vijana wahesabiwe. Mhesabuni.”

Njia nzima hadi nyumbani Penrith sikutulia kwenye kiti cha treni, nikingoja anisifu. Alitazama dirishani tu.

Mpaka leo hajaniuliza kwa nini nilihama.