Mfalme Aliyeruka Mtaa wa Kichwele

Hadi leo nikipita Mtaa wa Kichwele huvuka upande wa pili nisilipitie baraza la Mzee Kanjibhai, na sababu yake niwaambieni mwenyewe, maana kila anayeisimulia huitia chumvi (nayo haihitaji).

Mimi ni fundi saa. Nilianza sataranji nimeshapita arobaini, umri ambao wenzangu walikuwa wanaozesha mabinti, nikajifunza peke yangu kwa kitabu kikuukuu, ukurasa baada ya ukurasa, nimejiapiza kuwa bingwa, tena si wa Kariakoo tu. Wakati huo ilikuwa inaundwa timu ya kwenda kucheza Unguja. Ilibaki nafasi moja, na mchaguzi na kiongozi wa safari alikuwa Mzee Kanjibhai, Mhindu muuza vitambaa, aliyeniita barazani kwake anipime.

"Fundi, tucheze kwa kanuni za kitabu chako au za kwetu nyumbani?"

Za kwao sikuzijua. Lakini kuuliza mbele ya watu niliona ni kujivua nguo, nikajibu, "Zozote tu, Mzee."

Niliona askari wake wanakwenda hatua moja moja, nikafuata, nikidhani tofauti ndiyo hiyo tu. Kisha nikaanza kushuku kuwa anapewa ishara. Athumani, muuza kahawa, alikohoa kila nilipogusa farasi, nikamwambia asogee. Mpwa wa Mzee akamnong'oneza mjomba wake kwa Kigujarati. Nikadai naye aondoke (kumbe alikuwa anamwambia chakula kinapoa). Kila niliyemfukuza alirudi na wenzake kutazama kinachompigisha Fundi kelele, hata watu wakafurika mpaka barabarani.

Nikazidi kumbana mfalme wake pembeni, sijamtisha bado, Unguja naiona hii hapa, mara yule mfalme akaruka! Akaruka kama farasi, akatua mahali ambapo mfalme niliyemsoma mimi hafiki.

"Wizi!" Nikasimama, nikamnyanyua mfalme juu watu wote wamwone, mkono wa pili ukakumba ubao, kete zikatawanyika mpaka mtaroni. "Jamani, mfalme anaruka tangu lini?"

"Tangu enzi za babu yangu," Mzee akajibu, wala hakupandisha sauti. "Mara moja katika mchezo, kama hajatishwa. Nilikuuliza, ukasema zozote."

"Fundi," Athumani akadakia, "na mshale wa saa ukiruka, huwa unaita polisi?"

Kicheko kilichopigwa pale kilisikika sokoni. Mzee yeye hakucheka. Aliziokota kete, akazifuta, akazipanga kama zilivyokuwa.

"Nimeruka vibaya. Shusha ngome yako hapa. Nitakimbilia wapi?"

Nikatazama. Hakuwa na pa kukimbilia. Nilikuwa nimeshashinda.

"Basi tumalizie, Mzee," nikasema.

"Unguja tutalala majumbani kwa watu, Fundi, tutakula vyakula vyao. Sitakwenda na mtu anayewashuku wenyeji wake."

Nafasi ilikwenda kwa karani mmoja wa bandarini ambaye nilikuwa namshinda kila Jumapili. Alipokuja kuniaga nilimtakia heri, kisha nikamshauri kwa uchungu wote nilionao: ukifika, kabla hujagusa kete, waulize wenyewe wanachezaje, hata wakikucheka.

"Ah, Fundi," akasema, "kwani kuna mtu asiyeuliza?"