Kazi Niliyoipata kwenye Mteremko wa Zabibu

Kilichonitoa Ugweno ni barabara. Aliyekulia kwetu anajua masika yakishika inakuwaje: njia ya kushukia tambarare inamomonyoka, malori yanakataa kupanda, na kahawa tuliyoihangaikia mwaka mzima inashushwa vichwani na mama zetu, wakiteleza kwenye matope. Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mwenye suruali mbili na hasira nyingi, nikaapa nitasomea ujenzi wa barabara popote patakaponipokea. Kanisa moja la Ujerumani likakubali kunilipia chuo. Nauli ikawa juu yetu, na ukoo mzima ukauza kahawa kwa ajili yangu. Nikirudi bila cheti, nitawatazamaje?

Asubuhi ya kuondoka, mama hakulia. Alinifungia ndizi za kuchoma kwenye jani, akaniambia nile nikiwa bado nina hamu ya kula. Mjomba Elinaja, ndugu yake, ndiye aliyenisindikiza. Tuliteremka kwa miguu mpaka tambarare, tukadandia lori lililobeba magunia, tukafika Same tumekuwa weupe kwa vumbi.

Pale Same ilibidi nipite bomani kuchukua pasi. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, Mwingereza mrefu mwenye kaptula, aliigeuzageuza.

"Ujerumani? Kwa nini si Uingereza?"

"Ninakwenda kule nilikoitwa, bwana."

Alinitazama kidogo, kisha akanipa. Tulipotoka, mjomba, aliyekuwa amesikia yote dirishani, akanishika mkono.

"Ndivyo unavyomjibu Bwana Shauri?"

"Nilimjibu taratibu, mjomba."

"Afadhali. Ungepaza sauti, leo tungelala humo ndani wote wawili."

Jioni treni ilituchukua kuelekea kaskazini, ikapita chini ya milima yetu wenyewe. Niliiona Ugweno juu kule, kijani na ukungu wake, na moshi wa majiko ya jioni. Hapo ndipo nililia, mbele ya mama mmoja muuza mayai, wala sikuona haya. Kahe tukabadili treni kwenda Voi, kisha Mombasa, ambako mjomba aliniaga. Melini nilitapika mpaka Suezi. Baada ya Suezi nilianza kula, nikala kwelikweli.

Ujerumani nilifika mapema kuliko nilivyotakiwa, kwa sababu meli iliyofuata ingenichelewesha. Mji wangu ulikuwa kando ya mto, na pande zote mbili za mto vilima vimesimama wima, vimepandwa mizabibu toka chini hadi juu. Chuo kilikuwa kinafunguliwa majani yakiisha kupukutika, na kanisa lingeanza kunilipia siku hiyo, si kabla. Katikati hapo nilipaswa kula na kulipa chumba mwenyewe. Kijerumani changu nilifundishwa na mchungaji wa misheni. Niliweza kuzungumza vizuri zaidi juu ya Musa kuliko juu ya mkate.

Katika ofisi ya vibali alikaa karani mmoja mnene, mpole wa sauti, mgumu wa maneno.

"Viza yako ni ya mwanafunzi," aliniambia. "Kufanya kazi huruhusiwi mpaka mwajiri aseme anakutaka, nami nigonge mhuri. Nikikukuta umeajiriwa bila mhuri, unarudi kwenu. Nikikukuta huna pa kulala, unarudi kwenu vilevile."

Nikaanza kubisha milango. Kwenye kiwanda cha matofali waliniuliza mhuri uko wapi. Kwa mwoka mikate waliniuliza mhuri uko wapi. Nikarudi kwa karani, naye akaniuliza mwajiri yuko wapi. Nilizungushwa namna hiyo mpaka soli za viatu zikaachia, na mwenye nyumba wangu, ajuza mwenye huruma, akaanza kunisalimia kwa kifupi. Nilijiona tayari nashuka treni Same na sanduku langu jepesi, watu wamejipanga kunitazama. Usingizi ulinikimbia.

Siku moja, mawingu yakiwa yametanda, nilitoka kwa miguu kwenda kijiji cha jirani kulikosemekana kuna kinu cha mbao. Kwenye kona ya njia niliinua macho, nikaona mteremko mzima umejaa watu. Wanawake wenye vitambaa kichwani, wazee, vijana, wote wameinama kwenye mizabibu wakikata zabibu kwa haraka, na wanaume wachache wenye makapu makubwa mgongoni wakishuka nayo kwenye gari la kukokotwa. Mvua ilikuwa inakuja.

Nikajiambia, kumbe na hawa wana msaragambo.

Ninyi mnajua. Kwetu pembe ikilia watu wakatoka kuzibua mfereji au kuziba njia iliyobomoka, hakuna anayepita hivihivi. Ukipita mikono mfukoni utasemwa wewe, na watasemwa wanao. Basi mimi nilifanya kama nilivyolelewa. Niliweka mfuko wangu chini ya ukuta, nikapanda, nikamkuta mzee mmoja anahema amekaa kwenye jiwe, kapu lake pembeni. Nikamwamkia, nikalivaa.

Mteremko ule uliwashinda vijana wao, walikuwa wakishuka kiubavu kama watu wanaoogopa. Mimi nilizaliwa kwenye mteremko. Nilishuka, nikamwaga, nikapanda, nikashuka tena. Nikasahau karani na mwenye nyumba, nikaanza kuimba nyimbo zetu za kazi, na wanawake wakawa wanaitikia maneno wasiyoyajua. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu Mombasa. Matone ya kwanza yalidondoka tukiwa tumeshusha kapu la mwisho.

Jioni ile tulikaa wote kwenye meza ndefu, tukala viazi na nyama. Nilipomaliza nikanawa, nikashukuru kwa chakula, nikachukua mfuko wangu kuondoka. Mwenye shamba, Anton, mtu wa masharubu na uso mwekundu, akanikimbilia na noti mkononi.

"Hujachukua ujira wako! Nani alikuandika asubuhi?"

"Hakuna aliyeniandika. Niliwaona mnafanya kazi."

"Kwa hiyo?"

"Kwetu hatuwapiti watu walio kazini."

Aligeuka akawaeleza wenzake. Meza nzima ikaangua kicheko, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba wote waliokuwapo walikuwa vibarua wa kulipwa, mimi peke yangu ndiye niliyekuja kwenye msaragambo. Masikio yaliniwaka moto. Aliponisukumia zile noti, nilikataa. Nilihitaji sana, lakini kuuza msaada nilioutoa kwa moyo ilinishinda. Nikamwambia kama anataka kunilipa, aniajiri, na nikamsimulia habari ya mhuri.

Asubuhi yake aliniongoza mwenyewe ofisini, amevaa koti la kanisani. Karani akasikiliza, kisha akamkazia macho Anton.

"Umemjuaje? Amekwisha kukufanyia kazi?"

Anton hakuwa mtu wa kudanganya, wala mimi.

"Jana alibeba makapu mpaka jioni," alisema.

"Bila mhuri!"

"Bila mhuri, na bila ujira. Nilimpa, akakataa. Waulize watu wangu wote."

Karani akanigeukia. "Kwa nini ulikataa?"

"Nilikuwa nasaidia, bwana. Sikuwa nimeajiriwa."

Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Aliyesaidia bure hakuajiriwa. Sheria yake yenyewe ilisema hivyo. Akavuta wino, akagonga mhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Anton alinipiga mgongoni, nami nilitoka mle ofisini nikiruka ngazi mbilimbili.

Nilifanya kazi pale mpaka zabibu zikaisha, na kila msimu uliofuata walinisubiri. Likizo zangu zote zilikuwa za kwao. Chuo nilikimaliza, cheti nikakipata, na mbele ya jina langu hapakuwa na deni la mtu.

Niliporudi, mama na mjomba walishuka mpaka Same kunipokea stesheni. Kabla sijashuka vizuri nilisema shikamoo mara mbili.

"Marahaba, mwanangu," alisema mama, akaishika mikono yangu. Akaigeuza, akapitisha vidole kwenye sugu. Niliogopa atahuzunika.

"Majirani walinicheka," alisema. "Walisema Wazungu watakurudisha mikono laini, hutashika tena jembe langu."

Kisha, pale pale kwenye jukwaa la stesheni, mbele ya makarani na abiria, aliinua mikono yangu yote miwili juu ili watu waione, akapiga vigelegele.