Kidoa Kilichonitenga na Odilia

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Nilichimba dhahabu Chunya, na mawe yakishasagwa napanda basi kwenda Mlandege, Iringa, kwa mke wangu Odilia.

Kisha kikatokea kidoa chekundu kwenye kichwa cha uume, chini ya govi. Kilikuwa laini, kinang'aa kama kimelowa, hakiumi. Sikuwa nimetahiriwa, wazee wetu hawakuwa na desturi hiyo.

Nilimwonyesha Ambakisye, mwenzangu wa shimo. Akacheka. "Wewe Mhehe, hiyo gono. Umeonja wapi?"

"Sijaonja popote."

"Basi vumbi. Weka unga wa kidonge."

Kambini kila kidonda hutibiwa hivyo: unafungua kidonge cha rangi mbili, unanyunyiza unga wake. Kidoa hakikuondoka. Kikatambaa, kikaanza kutoa majimaji.

Wachimbaji tuna mwiko: mkiwa mnafuata mwamba wenye dhahabu, hakuna kulala na mwanamke, la sivyo mwamba utapotea. Nikajificha nyuma ya mwiko huo: Odilia alipopiga simu kuuliza narudi lini, nilijibu, "Bado tuko kwenye mwamba." Akauheshimu mwiko. Akanisimulia baridi, mahindi mabichi ya bondeni, mtoto wetu Festo. Nilisikiliza nimefumba macho, nikitamani hata harufu ya moshi kwenye nywele zake.

Masika yakaingia, mashimo yakajaa maji. Akapiga tena. "Baba Festo, wachimbaji wote wamerudi makwao. Wewe unafuata mwamba gani ndani ya maji?"

Nikamweleza yote. Akasema, "Tukutane Mbeya. Hospitali."

Walinichoma ganzi, wakakata kinyama kidogo cha kupima. Majibu yalipotoka, daktari alituita wote wawili.

"Hii bado si saratani. Ni ngozi iliyoanza kubadilika. Ukiiacha, inaweza kuwa saratani, na hapo tutaongelea kukata uume. Leo tunaongelea govi tu." Akamgeukia Odilia. "Na wewe mama, upime shingo ya kizazi. Kirusi kinachosababisha haya hupita kwa wenza, na kinaweza kujificha mwilini miaka mingi."

Odilia alipimwa, akakutwa salama. Mimi nikatahiriwa, na kidonda kilipopona nikapewa krimu ya kupaka. Iliichoma ile ngozi mpaka ikachubuka. Suruali haikuvalika, nilishinda nyumbani na khanga ya mke wangu. Kugusana hakukuruhusiwa, tukalala na blanketi lililokunjwa katikati yetu.

"Geukia ukutani," aliniambia, "unanitamanisha bure."

Nikageuka. Nilikuwa nimemkosa nikiwa Chunya, lakini kumkosa mtu unayesikia pumzi yake ni kugumu zaidi.

Kipimo cha pili kilikuwa safi. Blanketi likarudi kutufunika. Kliniki bado naenda, maana kidoa kinaweza kurudi.

Namshukuru Mungu, daktari, na mwanamke aliyenifuata. Ndugu yangu, vuta ngozi ujiangalie. Ukiona wekundu usiopona, nenda ukapimwe, na mwenza wako ajue mapema. Mwili wangu umepona. Miezi niliyokaa mbali na Odilia bado naijutia.