Choo Kinachomeza Gunzi

Niliingia duka la vifaa vya ujenzi pale mjini Sumbawanga nikiwa na mfuko wa magunzi ya mahindi. Sikuyaficha. Muuzaji alinionyesha vyoo vyake vyote vya kukaa, vyeupe, vinang'aa, vingine vina mifuniko inayoshuka polepole yenyewe. Nilimwacha avisifie mpaka akachoka, kisha nikamwomba ndoo ya maji.

"Ya nini, mama?"

"Nataka kuona kipi kinameza gunzi."

Alicheka mpaka akaegemea mabati. Wateja waliokuwa wakipimiwa misumari nao wakacheka.

"Mama yangu, choo hakitupiwi magunzi. Siku hizi kuna tishu."

"Sijauliza kama kuna tishu," nikamjibu.

Sikuwa na kicheko siku ile. Nilikuwa na hasira iliyolala na kuamka nami kwa muda mrefu, na sikuwa tayari kumbembeleza mtu.

Mama yangu ni mtu wa Mpui. Alianguka shambani akaumia nyonga, na tangu hapo kuchuchumaa kukawa mateso kwake. Kaka yangu alimchimbia gogo la kushikilia ndani ya choo cha shimo, lakini kila alipotoka humo jasho lilimtiririka utadhani ametoka kulima. Nikasema basi, anakuja kwangu Malangali, huku mjini. Hospitali iko karibu, na nyumba yetu ina choo cha ndani, cha kukaa, ambacho mume wangu alikinunua kwa fahari kubwa akawa anawaonyesha wageni kabla hata hawajaiona sebule.

Tatizo likawa hicho hicho choo. Kwa watu wa rika la mama, mtu hashiriki choo na mkwe wake. Mkwe anakusalimu kwa mbali, anakupisha njia, na akikuona tu unaelekea chooni, wote wawili mnaona haya. Cha kuchuchumaa angalau unakanyaga na kuondoka. Hiki cha kukaa unaweka mwili wako pale pale mkwe alipoweka wake. Siku ya kwanza mama alikitazama akiwa mlangoni, ameshika fremu.

"Mwanangu, mimi nikae hapo?"

Alikaa, maana nyonga haikumpa njia nyingine. Alikuwa anasubiri mume wangu aende kazini, anakifuta kile kiti kwa kitambaa chenye maji, anakikausha kwa kanga yake, ndipo anaketi. Na alitumia gunzi kujipangusa, kama alivyotumia maisha yake yote. Huku kwetu mahindi ndiyo maisha. Punje tunakula, na gunzi nalo lina kazi zake, na hakuna mtu aliyewahi kufa kwa ajili hiyo.

Kile choo cha fahari kina shingo nyembamba iliyojikunja kwa nyuma kama kiwiko, ili maji yakae pale yazuie harufu. Gunzi lilifika kwenye kiwiko likakaa. Likaja jingine likalikuta. Jumamosi moja maji yakapanda badala ya kushuka.

Ingekuwa siku ya kazi ningechukua waya nikamaliza mwenyewe kimyakimya. Lakini mume wangu alikuwepo, na dada yake, wifi yangu, alikuwa amekuja kutusalimia, na kabla sijafanya lolote fundi akawa ameshaitwa. Alifungua, akavuta, akatoka mpaka uani ameliinua lile gunzi juu.

"Nani anatupa hili chooni?"

Mama alikuwa ameketi juani anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Mume wangu aligeuka akatazama ukuta, na namshukuru kwa hilo, maana mkwe mwenye adabu hana jingine la kufanya. Aliyefungua mdomo ni wifi.

"Wifi, mfundishe mama kutumia tishu. Hapa si shamba."

Tangu siku hiyo mama akawa anashiba upesi. Matonge mawili, ameshiba. Chai, inamchafua tumbo. Nilimpikia dagaa wa Kirando anaowapenda na ugali wa ulezi, akaudonoadonoa tu. Nikadhani ni dawa za hospitali. Kisha mchana mmoja nikamkuta nyuma ya nyumba anawatupia kuku ugali wake. Nilipomuuliza, hakuzunguka.

"Nikila, nitakwenda wapi?"

Muda si mrefu akampigia kaka simu aje amchukue. Nilimsindikiza kwenye gari la Mpui. Mama yangu aliyekuja kwangu kupona anaondoka amekonda, nyonga ile ile, anarudi kwenye gogo la kushikilia. Nililia njiani, tena kwa sauti, na watu wakaniangalia, na sikujali. Mtu mzima kama yule afundishwe kujisaidia? Aone haya kula nyumbani kwa binti yake? Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kukitazama kile choo. Choo kinanunuliwa na kinang'olewa. Nikaamua kwamba kati ya choo na mama, atakayebadilika hatakuwa mama.

Ndiyo maana nilisimama dukani na magunzi yangu. Muuzaji alipoona sitanii, alileta maji. Tulivitoa vyoo nje kwenye mchanga nikaanza kuvijaribu, gunzi na maji, gunzi na maji. Kile chenye mfuniko wa kushuka polepole kiliziba papo hapo. Kimoja chenye shingo pana kilimeza gunzi fupi, refu likakishinda. Muuzaji akaona pa kutokea.

"Si atumie mafupi tu?"

"Mama yangu hapimiwi magunzi."

Wale wateja waliocheka sasa walikuwa wametuzunguka wanashangilia kila nilipomimina. Nilipomaliza vyote nilikuwa nimelowa mpaka magotini.

"Nataka kisichokuwa na kona," nikasema.

"Hicho hakipo, mama. Kila choo kina kona."

"Basi nitajenga."

Nikachukua bomba la inchi sita, simenti, na kiti cha plastiki chenye mfuniko.

Fundi nilimwita yule yule aliyeinua gunzi uani. Nilifanya makusudi. Nilimwonyesha ukuta wa nyuma wa chumba cha mama: choo kikae hapa, kiungane na chumba, mlango wake mmoja tu, wa kutokea kitandani kwa mama. Kiti kijengwe kwa matofali, kisuguliwe simenti mpaka kiwe laini. Shimo liwe nyuma ya ukuta, na bomba lishuke humo limenyooka.

"Hili bomba la maji ya mvua hili," akasema.

"Sasa ni la mama."

"Na harufu?"

"Utaweka bomba la hewa lipite juu ya bati, na wavu wa nzi. Na kiti kina mfuniko."

Akasema nyumba nzuri namna hii naiharibu kwa choo cha shimo, watu watanisema. Nikamwambia upepo wa Ufipa unatosha kuchukua harufu na maneno yao pia. Alipochimba akakuta jiwe, akaja na kipande cha kona mkononi, akitaka bomba lilizunguke. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kigoda, sibanduki.

"Vunja jiwe," nikamwambia.

Alilivunja, akinung'unika kutwa nzima.

Mume wangu hakubisha. Aliomba jambo moja tu, dirisha la huko liwe juu kabisa, asije akamwona mama mkwe hata kwa bahati mbaya. Wifi ndiye aliyekuja akasimama, akashika kiuno.

"Kwa hiyo mmerudi enzi za mababu?"

"Tumerudi, wifi. Karibu."

Simenti ilipokauka nilikwenda mwenyewe Mpui kumfuata mama. Hakutaka kuja. Alikuja kwa sababu nilikataa kuondoka bila yeye. Nilimfungulia ule mlango akachungulia. Kando ya kiti nilikuwa nimeweka kikapu cha magunzi, wazi, kimejaa.

"Na mkwe wangu?"

"Hajui hata rangi ya ukuta wake."

Aliingia akishikilia ukuta. Alifunua mfuniko, akachagua gunzi moja refu kikapuni, akalidondosha, akatega sikio. Lilishuka bila kukwama popote, tukalisikia likifika chini. Akaurudisha mfuniko polepole, akaosha mikono, akatoka.

Mchana nilipakua ugali na maharage. Mume wangu alikula sebuleni, sisi jikoni kwenye mkeka. Mama alikula matonge yake mawili, mkono ukasimama. Nikainamisha macho kwenye sahani yangu, nimejikaza, sitaki kumhimiza wala kumbembeleza. Nilisikia bakuli likiburuzwa mkekani mpaka likagusa goti langu.

"Niongezee," akasema. "Na mchuzi."