Hisa ya Mahfudha

Mahadhi alikuwa muuza vikoi pale Malindi, na akili yake aliiazima kila siku kwa watu. Akiona foleni, alijipanga kwanza, kisha ndipo akauliza kinachouzwa. Siku moja alirudi nyumbani na kopo la rangi ya mashua, naye hana hata kihori.

Mwaka 1986, mteja mmoja kutoka Nairobi alimweleza kwamba matajiri fulani wamechanga pesa, wananunua hisa za kiwanda kimoja kwa mkupuo, na bei inapaa. Kiwanda chenyewe kilikuwa kilekile, na mashine zilezile. Kilichoongezeka ni wanunuzi tu. Hata mtoto wa chuoni anayeanza alifu angeuliza: hawa wakitosheka, nani atanunua? Mahadhi hakuuliza. Alisema, "Wakubwa hawakosei." Mpumbavu mkubwa!

Pesa hakuwa nazo. Lakini dadaake Mahfudha, mjane, alikuwa na shamba la minazi iliyopandwa na mama yao kule Ganda, fungu lake katika urithi. Ndilo lililomlisha. Hati ilikuwa kwa jina la Mahadhi, eti kwa kuwa ndiye mwanamume.

"Shikamoo, dada. Naitaka ile hisa yako niitie kwenye hisa, izae."

Kwetu hisa ni fungu la urithi. Mahfudha akafahamu kwamba nduguye ataka kuunganisha mafungu yao, yasitawanyike.

"Marahaba. Fanya uonavyo, ndugu yangu," akajibu, akamtilia kahawa.

Mahadhi akaliuza shamba, akanunua hisa bei ikiwa kileleni, akatembea kifua mbele mji mzima. Wale matajiri nao wakawauzia hisa zao wajinga waliokuwa bado wanamiminika, wakaondoka na faida. Wengine kuona wakubwa wametoka, wakaukimbilia mlango uleule, na bei ikaporomoka. Mimi siwaiti wafanyabiashara hao. Ni walanguzi waliovaa tai.

Mahfudha alijua siku alipokwenda Ganda na mkwezi kuangua nazi. Kiponda, mkulima wa huko, akamzuia kwa adabu.

"Mama, shamba hili nimeuziwa na nduguyo."

Mahfudha akaja moja kwa moja dukani kwa Mahadhi, buibui limejaa vumbi. "Hisa yangu iko wapi?"

"Zimeshuka, dada," akasema Mahadhi, macho kayainamisha kwenye vikoi. "Lakini subiri, zitapanda."

"Aliyepanda ni mama," akasema Mahfudha. "Wewe umeuza."